Raha ya Kitabu Kinene
Mhadhara kwa wazazi, walimu na vijana wa Kibirichia, Kaunti ya Meru

Huu ni msimu wa kuchimba waru, yaani viazi, na kila mmoja hapa ameacha shamba au magunia mahali fulani ili asikilize habari za vitabu. Basi nitasema mapema lililonileta. Nimekuja kuitetea riwaya ndefu ya safari na maajabu, ile ambayo kijana huisoma akiwa ameificha ndani ya daftari la hesabu. Tena naitetea pamoja na unene wake. Wazazi wengi niliozungumza nao wako tayari kumvumilia mtoto anayesoma habari za majini na majoka, mradi hadithi iwe fupi, aimalize, arudi kwenye kazi ya maana. Kwangu mimi, ufupi huo ndio unaomnyima raha anayoitafuta.

Nianze na viazi, maana niko Kibirichia.

Mwaka 1936 mchapishaji mmoja wa London, Stanley Unwin, alipokea mswada wa hadithi ya kiumbe mfupi mwenye manyoya miguuni, anayetolewa kwake na kupelekwa mbali kutafuta hazina inayolaliwa na joka. Unwin aliamini kwamba hakimu wa hadithi ya watoto ni mtoto. Akampa mwanawe Rayner, aliyekuwa na umri wa miaka 10, na kumlipa shilingi moja aisome na kuandika maoni yake. Rayner akaipitisha. Kitabu hicho, The Hobbit, kikatoka mwaka 1937. Mwandishi wake, J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akaombwa alete kingine. Kazi hiyo ilimla zaidi ya miaka kumi. Ilipotoka mwaka 1954 na 1955 kwa jina la The Lord of the Rings, ilikuwa imepita kurasa elfu moja, ikabidi igawanywe juzuu tatu. Na aliyeipigania ndani ya kampuni ile alikuwa Rayner yuleyule, sasa mtu mzima, aliyejua tangu utotoni kwamba ulimwengu ule haumaliziki kwa kitabu kimoja.

Ndani ya hadithi hiyo yumo mtunza bustani aitwaye Sam. Baba yake anasifika kijijini kwao kwa ujuzi wa kulima viazi. Sam anamfuata bwana wake, Frodo, katika safari ya kwenda kuiangamiza pete ya uovu ndani ya nchi ya adui, na katika mzigo wake amebeba sufuria na kisanduku cha chumvi. Wengine wamebeba panga na pinde, yeye amebeba vyombo vya jikoni. Wanavuka milima, wanapotezana na wenzao, njaa inawaingia, na sufuria bado zimo mzigoni. Siku moja anapata sungura wawili, anawasha moto mdogo usiotoa moshi mwingi, anapika mchuzi. Anachokikosa ni viazi. Anaanza kumweleza Gollum, kiumbe mwenye kula samaki wabichi, viazi ni kitu gani na hupikwaje. Msomaji wa Kibirichia akifika hapo anajua kwamba amekutana na mtu wa kwao.

Kisha, kurasa nyingi baadaye, kwenye nchi kavu yenye majivu karibu na mlima wa moto, Frodo hawezi tena kubeba chochote. Sam anaukagua mzigo wao na kutupa kila kisichohitajika. Anazipeleka sufuria kwenye ufa wa ardhi, anaziachia, anasikia zinavyogongana zikishuka gizani, na mlio huo unamchoma moyo.

Ukimwambia mtu asiyesoma kitabu hicho kwamba machozi yalikutoka kwa ajili ya sufuria, atakushangaa. Lakini hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Hadithi ya kurasa kumi haiwezi kumliza mtu kwa sufuria. Mwandishi angelazimika kukwambia kwamba Sam alizipenda, nawe ungemwamini kwa sababu amesema. Katika kitabu kinene hakuna haja ya kukwambia. Umezisikia zikilia mgongoni mwake tangu mwanzo, umekula mchuzi uliopikwa ndani yake, umezisahau, umezikumbuka. Zinapoanguka, kilichoanguka ni safari nzima ya kurudi nyumbani, kwa kuwa mtu anayetupa sufuria zake amekata tamaa ya kupika tena. Mwandishi hakukueleza hayo. Umeyaelewa mwenyewe, ukiwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna atakayekunyang'anya.

Kurasa za mwanzo za kitabu cha namna hii huwa ngumu. Msomaji ni mgeni. Hajui majina, hajui nani wa kuogopwa, mito na milima yote imechanganyika kichwani. Wengi huachia hapo, na simlaumu mtoto anayeachia. Mwenye kuendelea huanza kujua njia hii inaelekea wapi, watu wa bonde lile wanakula nini, neno gani likitamkwa mlango hufunguka. Akifika katikati anakuwa mwenyeji. Anabashiri. Anamgombeza mhusika kwamba asimwamini yule mwenye maneno matamu. Anarudi nyuma kuangalia ramani ili ahakikishe kama kweli wangeweza kufika kabla ya jua kuchwa. Walimu mliopo hapa mnajua jinsi ilivyo kazi kumfanya mwanafunzi arudi kwenye kifungu na kukithibitisha. Kitabu kinene humfanya arudi bila kuamriwa na mtu.

Sokoni hapa nilimwona kijana ameketi juu ya magunia akisubiri lori lipakie. Kitabu chake hakikuwa na jalada, kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu, na mgongo wake ulishikiliwa kwa selotepu. Broka akamwita, hakusikia. Akaitwa tena, akainua kidole bila kuinua macho, akamaliza aya, akakunja pembe ya ukurasa, ndipo akashuka. Nikamuuliza anasoma nini. “Mwalimu, wamefungiwa nje, na yule mlinda lango ni mwongo,” akanijibu. Jina la kitabu hakunitajia. Alinipa habari za watu wake, jinsi mtu anavyotoa habari za ndugu aliye hospitalini.

Watu husema kwamba sisi hatuna desturi ya hadithi ndefu, kwamba za kwetu ni vijihadithi vya sungura na fisi vya kumlaza mtoto. Maneno haya nayakataa kabisa. Huko pwani, tangu karne ya kumi na nane, watu wamesikiliza tenzi za vita na maajabu zinazopita beti elfu moja. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Utenzi wa Rasi ’lGhuli una zaidi ya beti elfu nne. Nani angetunga beti elfu nne kama hakuna wa kuketi azisikilize? Kisha kuna Fumo Liyongo, jitu la mashairi na mishale, aliyefungwa gerezani akaletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, akakata pingu zake huku ngoma ya gungu ikivuma nje ili mlio wa chuma usisikike. Ukiwa na kijana anayesema kwamba vitabu vinamchosha, mpe kisa hicho, ukikatize kabla tupa haijatolewa kwenye mkate.

Na sisi wa mlima huu tunayo ya kwetu, ndefu na yenye kutisha. Wazee wa Meru husimulia kwamba mababu walitoka Mbwaa, mahali penye maji makubwa, walikokuwa wametawaliwa na watu wa Nguo Ntune, wenye mavazi mekundu. Watawala hao waliwapa mitihani, na kila mtihani ulikuwa mgumu kuliko uliotangulia. Kila mzee ana mpangilio wake, lakini mara nyingi utasikia habari za kiatu chenye manyoya pande zote mbili, mbwa mwenye pembe, na kitu cha mviringo kilichotumbukizwa kwenye shimo refu ili kitolewe bila kuchomwa. Hilo la shimo walilitatua kwa kumimina maji mpaka kitu kikaelea kikapanda juu chenyewe. Mwishoni wakadaiwa mkuki mrefu wa kufika mbinguni. Hapo hapakuwa na ujanja tena ila kuondoka usiku. Wakaongozwa na mtu aitwaye Koomenjwe, akayapiga maji kwa fimbo yake, maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri Ntune, waliovuka jua likiwa limetoka Njeru.

Padre Bernardo Bernardi aliyaandika masimulizi haya katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, mwaka 1959, na Jeffrey Fadiman akayachimba zaidi miaka iliyofuata, akiihusisha Mbwaa na eneo la Manda, ng'ambo ya Lamu. Wanahistoria wanaweza kujadiliana kuhusu mahali hapo. Mimi natazama umbo la hadithi. Kuna dhalimu, kuna mafumbo yanayozidi ugumu, kuna kutoroka, kuna bahari inayofunguka, kuna jangwa, na mwisho kuna mlima mweupe unaoonekana kwa mbali. Mwandishi yeyote duniani angefurahi kuupata mpango kama huo.

Mlima huohuo uliingia pia katika riwaya ya mgeni. Mwaka 1887 Mwingereza H. Rider Haggard alichapisha riwaya iitwayo Allan Quatermain, ambayo vijana wa Uingereza waliisoma kwa hamu kubwa. Haggard alikuwa amewahi kuishi Natal na Transvaal, na nduguye Jack alikuwa amefanya kazi Lamu akiwa makamu wa balozi mdogo. Mashujaa wake wanaanzia wapi? Lamu. Wanapanda Mto Tana kwa mitumbwi, wanafika kwa mmisionari, wanapigana na Wamasai, wanauona Mlima Kenya, huu ulio mgongoni mwangu ninaposimama hapa, kisha wanaupita. Wanaupita! Nchi ya ajabu wanayoitafuta iko mbele zaidi, na wanapoifikia kwa mto unaopita chini ya ardhi, wanakuta wenyeji wake ni weupe, na malkia wao wawili pia weupe.

Itazameni njia hiyo. Kutoka visiwa vya Lamu, kupanda kuelekea mlimani: ni njia ileile ambayo wazee wetu husimulia kuwa mababu waliifuata. Safari mbili za maajabu kwenye njia moja. Moja ilisimuliwa jikoni kwa vizazi na vizazi. Nyingine ilichapwa London na kuuzwa kwa maelfu ya vijana ambao hawakuwahi kufikiria kwamba katika mteremko huu kulikuwa na watu wenye hadithi yao wenyewe ya njia hiyo. Hapa hunijia uchungu, na sioni sababu ya kuuficha. Haggard alikuwa na kipawa cha kumfanya msomaji asilale. Ila mlima wetu aliutumia kama kituo cha kupumzikia tu.

Katika Kiswahili cha vitabu, maajabu tunayo, na ya hali ya juu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi inayoelea angani, na Adili na Nduguze mwaka 1952. Katika hiki cha pili, Ikibali anatumwa Janibu kwa ajili ya kodi, na usiku anamchungulia liwali Adili, mtu anayejulikana kwa upole, akiwachapa manyani wawili kwa kiboko kisha akiwabembeleza. Kwa nini? Mwandishi anatuacha na swali hilo, anaturudisha nyuma hadi kwenye mji uliogeuka mawe na jini aitwaye Huria, mpaka tunajua manyani wale ni nani. Ni ustadi mkubwa wa kuficha na kufichua, na mzizi wake uko katika visa vya Alfu Lela Ulela. Kasoro yake kwa kijana wa miaka kumi na mitatu ni moja tu: anakimaliza mchana mmoja. Katama Mkangi naye alitupa Walenisi, Kyallo Wadi Wamitila akatupa Bina-Adamu! mwaka 2002. Navipenda vyote viwili, nimevisoma zaidi ya mara moja. Lakini katika vitabu hivi maajabu yana kazi nyingine ya kufanya. Yanabeba hoja kuhusu utawala, kuhusu ubeberu, kuhusu haki. Msomaji mzima anafurahi kuifumbua hoja. Mtoto anataka jini awe jini, mji wa mawe uwe wa mawe kwelikweli, na akae humo mpaka ajue mitaa yake. Riwaya nene ya maajabu iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kijana huyo bado ni deni letu. Ngũgĩ wa Thiong'o alionyesha njia kwa Kigikuyu mwaka 2018 alipotoa Kenda Mũiyũru, masimulizi ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi na safari ya wachumba wao kati ya mazimwi, chini ya mlima huuhuu. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiingereza iliingia katika orodha ndefu ya tuzo ya kimataifa ya Booker mwaka 2021. Kwa hiyo masikio yapo, hapa na ng'ambo.

Sasa nije shuleni, na walimu wanivumilie. Mtoto wetu akifika sekondari, riwaya humjia ikiwa imeandamana na mtihani. Kidagaa Kimemwozea, Chozi la Heri, Nguu za Jadi ni vitabu vizuri, vimeandikwa na watu wanaojua kazi yao. Lakini wanafunzi wangapi walikutana kwanza na mwongozo? Wanajua maudhui kabla ya kumjua mhusika. Wanaweza kueleza muktadha wa dondoo kutoka sura ambayo hawajawahi kuisoma yote. Siwalaumu walimu, maana karatasi ya mtihani ndiyo inayowahukumu wote, wao na wanafunzi wao. Ninachoomba ni kwamba kando ya kitabu cha mtihani kiwepo kitabu kingine, kinene, ambacho hakuna atakayeulizwa swali juu yake. Mtoto asiombwe muhtasari. Asiulizwe amejifunza nini. Akiruka kurasa zinazoeleza msitu ili afike kwenye vita, mwacheni aruke, atarudi msituni siku nyingine akiwa na nafasi. Akiacha katikati, mpe kingine. Akikisoma tena kilekile alichokimaliza mwezi jana, msimkemee kwamba anapoteza muda: anarudi kuwatembelea watu anaowajua.

Najua jibu la wazazi: vitabu hivi ni ghali, na vingi viko kwa Kiingereza. Ni kweli. Kitabu kimoja kinene kinaweza kugharimu pesa za kununua mbegu. Ndiyo maana nasema kinunuliwe kimoja na familia tano, au kiazimwe maktabani mjini Meru, kizunguke hapa mpaka kiishe jalada. Na kuhusu lugha, nitawapa jambo nililoliona katika boma moja si mbali na hapa. Msichana wa darasa la nane alikuwa akisoma riwaya nene kwa Kiingereza mchana, na jioni, wakati ugali unasongwa, alimsimulia nyanya yake kwa Kimeru yale aliyoyasoma siku hiyo. Nyanya hajui Kiingereza. Lakini nilipofika alikuwa anawajua wahusika wote, alikuwa na aliyemchukia na aliyemwombea, na msichana alipochelewa kuanza, nyanya akauliza kwa ukali kama yule mwenye pete amefika au bado. Kisha akaingilia kati kusema kwamba huyo kiongozi wao angefanya kama Koomenjwe, angeondoka usiku. Msichana akanyamaza kidogo, akauliza, “Koomenjwe ni nani?” Jioni hiyo masimulizi yakageuka, akasimulia nyanya.

Vijana, nataka kuwauliza nyinyi. Mnasoma habari za misitu ya Ulaya yenye viumbe vya ajabu, na ni sawa, someni, niliwaambia kuhusu Sam kwa sababu nampenda. Lakini tazameni mnapoishi. Mgongoni ni mlima wa mita 5,199. Mbele yenu ardhi inashuka mpaka joto la Isiolo, na siku isiyo na ukungu mnaiona nchi kavu ikienda bila mwisho. Upande wa Timau, tangu mwaka 2011, tembo wanapita chini ya barabara kuu kwa njia waliyochimbiwa, wakitoka Ngare Ndare kwenda msitu wa mlima, huku matatu zikipita juu yao. Mwandishi mgeni angeyabuni hayo mkamsifu kwa ubunifu.

Na hadithi ya Mbwaa ina mapengo mengi ambayo wazee hawakuyajaza. Ni nani aliyefikiria kwanza kumimina maji shimoni, na alikuwa na umri gani? Walikula nini kati ya bahari na mlima? Walioshindwa kuvuka walifanywa nini na wale wa Nguo Ntune kulipopambazuka? Je, kulikuwa na mtu kama Sam, aliyebeba chungu njia nzima? Katika usiku ule wa kuvuka, kulikuwa na ndugu wawili, mmoja akavuka gizani na mwingine alfajiri, wakajikuta katika makundi mawili maisha yao yote? Kila swali kati ya haya ni sura. Yakikusanywa yote ni kitabu cha kurasa mia tisa, na ningependa kiwe na ramani mwanzoni, inayoanzia Manda na kuishia hapa.

Nitakaa kwa ajili ya maswali. Hapo mezani nimeweka vitabu vichache vinene nilivyokuja navyo, vingine vya Kiswahili na vingine vya Kiingereza. Anayetaka kuazima aandike jina lake kwenye daftari, na asiharakishe kurudisha.